Chaki gani ununue ukitaka kukereza vijiti vyembamba bila kuvivunja

Niliwahi kuchukua oda ya vitanda viwili vya watoto wachanga, kila kitanda kina vijiti 22 vya pembeni, mviringo, unene mm 16 na urefu sm 60, mbao mninga. Nikajiambia hiyo si kazi, wiki moja nimemaliza. Mashine yangu ya kukerezea ilikuwa ya kuungaunga kwa kuchomelea, chuma cha channeli, beringi mbili, mota ya hosi pawa moja, na upande wa kichwa kuna uma wa meno manne, yaani unagonga mbao kwenye uma, unasogeza senta ya mkia (ile ncha ya upande wa pili inayoshikilia mwisho wa mbao), unakaza, unawasha. Miguu ya meza na nguzo za ngazi nilikuwa natoa humo miaka na miaka bila shida. Vijiti saba vya kwanza vikavunjika vitano. Na havivunjiki kistaarabu, kinapiga "pa!" kipande kimoja kinaenda ukutani kingine kinapita karibu na sikio.

Nilidhani ni patasi butu, nikanoa. Nikadhani mbao ina ufa, nikabadilisha. Kumbe tatizo lilikuwa namna ninavyokishika. Ule uma ili ung'ate lazima ukaze senta ya mkia kwa nguvu, na kijiti chembamba ukikisukuma kutoka mwisho kinafanya kama ufito wa upinde, kinabinuka katikati kidogo tu, jicho haliioni, halafu kikishaanza kuzunguka ule ubinukaji ndio unakuwa kamba ya kuruka. Ukiweka patasi hapo inang'ata upande mmoja tu, imeisha hiyo.

Kwahiyo huu mwongozo ni wa kuchagua chaki kwa ajili ya kazi nyembamba: vijiti vya vitanda vya watoto, vya migongo ya viti, kalamu, vijiti vya kubania nywele, vipini vidogo. Chaki ninayosema ni ya kushikia kazi kwenye mashine, sio ya ubaoni, maana kuna kijana nilimtuma duka la hadiwea akarudi na boksi la chaki nyeupe za mwalimu na risiti juu.

Hatua ya 1: pima kijiti kwanza, duka baadae

Chukua kalamu uandike vitu vitatu: unene wa mwisho (kikishakerezwa), urefu, na mbao inaanza ikiwa na umbo gani, mraba au duara. Watu wengi wanaruka hapa wanaenda kuuliza bei, na huko wanauziwa chaki kubwa ya kukerezea mabakuli kwa sababu ndiyo inayong'aa.

Gawa urefu kwa unene. Vile vijiti vyangu ni mm 600 kwa 16, inakuja kama 37. Mimi ikizidi 10 naanza kuchukua tahadhari, ikizidi 20 najua kabisa nitahitaji kitu cha kukishikilia katikati hata chaki iwe nzuri vipi. Na hii sio imani ya mafundi, ni hesabu: ukipunguza unene wa kijiti kuwa nusu, unyumbufu wake unaongezeka mara 16, na ukiongeza urefu mara mbili unyumbufu unaongezeka mara 8. Ndio maana kijiti cha mm 20 kinakutii vizuri tu na cha mm 10 cha urefu uleule kinacheza kama mjusi aliyekatwa mkia.

Halafu jiulize, utakuwa unatoa kijiti na kukirudisha mara ngapi? Kama unakereza, unatoa, unapaka rangi, unarudisha usugue tena, basi unahitaji chaki inayorudisha kitu kwenye senta ileile. Kama ni kukereza mara moja na kukata, hata chaki ya kawaida itakufaa.

Hatua ya 2: kagua mashine yako, hasa ncha ya shafti

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Chaki inafungwa kwa thredi kwenye ncha ya shafti ya kichwa, na thredi ziko za aina nyingi. Mashine ndogo za mezani nyingi ni inchi 1 kwa thredi 8 kwa inchi, kubwa kidogo za Kimarekani inchi 1 na robo kwa thredi 8, za Ulaya utakuta M33 kwa hatua ya 3.5 (yaani unene mm 33, na mm 3.5 kutoka tuta hadi tuta), na kuna vimashine vidogo vya bei poa vyenye M18 au robotatu ya inchi kwa thredi 16. Usikisie kwa macho. Chukua vernia upime unene wa nje wa thredi, halafu weka rula uhesabu matuta mangapi yako ndani ya inchi moja, au pima umbali wa matuta kumi ugawe kwa kumi.

Angalia sana mtego wa M33 na inchi moja na robo. Inchi moja na robo ni mm 31.75, kwa macho zinafanana, na chaki ya M33 ukiivika kwenye ile nyingine itaingia lakini inacheza, mtu anaweka tepu ya bomba anasema imekaa. Haijakaa. Kitu cha kilo mbili na nusu kinachozunguka raundi 1,500 kwa dakika usikifunge kwa tepu jamani.

Kama unaweza, nunua chaki ambayo kitako chake kinabadilishwa, yaani mwili ni mmoja na unanunua pete ya ndani yenye thredi za mashine yako. Ukibadilisha mashine kesho unabadilisha pete tu.

Pili angalia tundu la shafti. Shafti nyingi zina tundu la tepa ya Morse, yaani tundu linalosinyaa kidogokidogo kuelekea ndani, kwa kifupi MT. Mdomo wa tundu ukiwa kama mm 12 hiyo ni MT1, ukiwa kama mm 18 hiyo ni MT2. Na je tundu linatokea nyuma? Pitisha spoku ya baiskeli uone. Likitokea nyuma una bahati, utaelewa huko mbele kwanini.

Wenye mashine za kuungaunga kwa kuchomelea kama yangu ya zamani, shafti yetu mara nyingi ni chuma kitupu chenye uma uliochomelewa mbele. Hapo chaki yoyote utakayonunua haina pa kukaa. Nenda kwa mafundi wa kukereza chuma, Dar pale Gerezani wapo wengi na Nairobi wapo pia, mpe chaki yenyewe mkononi (sio picha, sio vipimo vya kwenye simu) akutengenezee shafti mpya yenye thredi ya kuingia kwenye chaki hiyo na bega la kukaa bapa nyuma yake. Hilo bega ndilo linaloinyoosha chaki, thredi kazi yake ni kuivuta tu. Fundi asiyeweka bega amekutengenezea bembea.

Tatu, beringi. Shika shafti kwa mikono miwili uitikise juu chini na mbele nyuma. Ukisikia inacheza hata kidogo, badilisha beringi kabla hujanunua chochote. Cha kuvunda hakina ubani, chaki ya gharama kwenye beringi iliyokufa ni hela imetupwa.

Na kwa wanaotumia mota ya fezi tatu: hakikisha inazungukia upande sahihi kila baada ya fundi umeme kuigusa. Wakibadilisha nyaya mbili tu mota inageuka, na chaki ya thredi ikigeuziwa upande inajifungua yenyewe ikiwa spidi. Washa, zima haraka, angalia upande, ndio ufunge chaki.

Hatua ya 3: zijue chaki zenyewe

*Chaki ya meno matatu ya mafundi chuma.* Hii watu wanaipata kirahisi, mitumba imejaa, kwahiyo wanailazimisha kwenye mbao. Kwa kijiti kilichokwisha kuwa duara inashika, ila meno matatu hayashiki mraba, na mbao zetu zinaanza mraba. Pia meno yake yana kona kali, yanatoboa mbao badala ya kuikumbatia, halafu yanatokeza nje ya mwili wa chaki na yanasubiri vidole. Mimi nimeshaiacha. Kama ndiyo uliyonayo leo, itumie kwa duara tu, na mkono wako wa kushoto uujue ulipo kila sekunde.

*Chaki ya meno manne yanayofunga pamoja.* Hii ndiyo chaki ya mbao. Unageuza ufunguo mmoja meno yote manne yanakuja kati kwa pamoja, inashika mraba, inashika duara. Lakini sikiliza hapa kwa makini maana ndipo wengi tunapigwa: meno yanayokuja nayo boksini mara nyingi ni ya mm 50, yametengenezwa kwa ajili ya vitako vya bakuli, na mengi hayafungi chini ya mm 40 hivi. Kijiti chako cha mm 20 kinapita katikati hakigusi kitu. Unarudi nyumbani na chaki nzuri isiyoshika kazi yako. Unachohitaji ni meno ya ziada, yale membamba marefu kama vidole vinne, ambayo yakifungwa yanakaribia kugusana kabisa. Nenda dukani na kijiti chako mfukoni, kitoe, mwambie muuzaji akifunge hapohapo. Akisema "itashika tu bosi, hii ni ya Ulaya", kijiti kirudi mfukoni na wewe urudi barabarani.

Ukubwa wa mwili usiwe na tamaa. Kwa kazi nyembamba mwili wa mm 75 hadi 100 unatosha na kubaki. Chaki kubwa ni nzito, inachosha beringi, inachukua nafasi, na patasi yako haifiki karibu na mwisho wa kijiti kwa sababu meno yamekaa njiani.

*Chaki ya koleti.* Sasa hapa ndio nyumbani kwa kijiti chembamba. Koleti ni kama kikombe cha chuma kilichopasuliwa mistari pande zote, unaingiza kijiti, unakaza nati, kinabana mzunguko mzima sawasawa. Hakuna meno, hakuna alama kwenye mbao, hakuna kitu kinachotokeza cha kukuvunja vidole, na mwili wenyewe ni mdogo kiasi kwamba patasi inafika mpaka mwisho kabisa.

Aina inayopatikana sana ni ER, na saizi ya kutafuta ni ER32 kwa sababu inaenda mpaka mm 20. ER20 inaishia mm 13, ER25 inaishia 16, ER40 inaenda mpaka 26 lakini ni kubwa na ghali bila sababu kama kazi yako ni vijiti. Kila koleti ya ER32 inajibana kama mm 1 tu, yaani ya 16 inashika kuanzia 15 hadi 16. Usiingize 16.5 kwenye ya 16 kwa kugonga, na usibane 13 kwenye ya 16, utaipinda na ikishapinda haitengenezeki.

Kuna aina mbili za kuifunga. Moja inaingia kwenye tundu la MT2, nyingine inafungwa kwenye thredi ya nje ya shafti. Ya tundu ni rahisi kuipata na haijali thredi yako, lakini LAZIMA iwe na bolti ndefu ya kuivuta kutoka nyuma ya shafti, la sivyo mtetemo unailegeza inatoka na kazi yako. Na ukishaweka hiyo bolti umeziba tundu. Ya thredi inaacha tundu wazi, na hiyo ndiyo siri ya spoku ya baiskeli niliyosema: kijiti kirefu unakipitisha ndani ya shafti, kinabaki nje kipande kifupi tu unachokikereza, halafu unalegeza unavuta unaendelea. Kwa kalamu na vijiti vya nywele vya mpingo ni raha tupu. Tahadhari moja, mkia usitokeze nyuma ya kichwa. Ufito unaoning'inia nyuma ukishika spidi unajikunja na kuchapa kila kitu, kwahiyo ukate ubaki ndani ya shafti.

Ubaya wa koleti ni kwamba haitaki mraba na haitaki uvivu. Mwisho wa kijiti lazima uwe duara na saizi sahihi. Nitakwambia mbinu chini.

*Chaki ya drili kwenye tepa.* Hii inashawishi kwa sababu karibu kila fundi anayo. Inashika vitu vidogo sana vizuri, mm 3, mm 6. Ila ilitengenezwa kusukumwa, sio kupigwa kwa ubavu. Ukiiweka upande wa kichwa bila bolti ya kuvuta na bila senta ya mkia, itatoka. Haijalishi uliigonga vipi.

*Ya kujitengenezea kwa mbao.* Kwa ambaye mfuko haujakaa sawa, na hata mwenye hela, hii ndiyo ninayoipenda kimoyomoyo. Chukua kipande cha mbao ngumu, mninga au mkongo, sm 8 kwa 8 na urefu sm 10, kifunge kwa skrubu kwenye sahani ya mashine (ile bapa yenye matundu). Kikereze kiwe duara, upande wa mbele ukichonge kama koni iliyokatwa kichwa, mwembamba mbele mnene nyuma. Sasa weka biti ya drili kwenye mkia utoboe katikati tundu la saizi ya kijiti chako, kina sm 4. Kwa vile umetoboa kikiwa kinazunguka kwenye mashine yako mwenyewe, tundu liko senta hata kama shafti yako ina kasoro zake. Kisha pasua kwa msumeno mwembamba mistari miwili ya msalaba mpaka mwisho wa tundu, na kereza pete ya mbao au kata pete ya bomba la chuma inayoingia kwenye ile koni. Ingiza kijiti, sukuma pete nyuma igonge kidogo, imebana. Kutoa, igonge mbele. Wengine wanatumia klipu ya hosi ya maji badala ya pete, inabana vizuri kweli lakini skrubu yake inatokeza, na skrubu inayozunguka mara 1,900 kwa dakika ni shoka. Pete.

Ubaya wake ni kwamba ukiitoa kwenye sahani haitarudi palepale, na mvua zikianza mbao inavimba tundu linabadilika. Mimi nilimaliza oda ile ya vitanda kwa kitu hiki, vijiti vilivyobaki vyote, nilivunja viwili tu na kimoja kilikuwa na fundo.

Hatua ya 4: ukiwa dukani

Fungua boksi. Kwenye chaki ya meno manne, kila jino lina namba 1 hadi 4 na kila mfereji una namba, ziendane. Mitumba mara nyingi meno yamechanganywa kutoka chaki mbili tofauti, na hayo hayatakutana katikati hata uombe. Yafunge mpaka mwisho uangalie nafasi kati yao, iwe sawa pande zote nne. Geuza ufunguo taratibu mwanzo hadi mwisho, usikie kama kuna sehemu inakwama.

Halafu jaribio langu la siku zote: nenda na biti ya drili ya mm 10, mpya, iliyonyooka. Ifunge kwa shingo yake, shika chaki kwa mkono uizungushe huku umeweka ncha ya penseli karibu na shingo. Nafasi kati ya penseli na chuma isibadilike kwa kuona. Ikiwa unaona kwa macho kwamba inakuja na kurudi, acha. Kwa koleti fanya hivyohivyo, na kumbuka kuipachika koleti kwenye nati kwanza, unaiinamisha mpaka isikike "tak", ndipo unaivika nati kwenye chaki. Ukiitumbukiza koleti ndani kisha ukafuatisha nati juu, inakaa upande, na ukilegeza haitoki, wengi wamelaumu chaki kwa kosa hili.

Angalia pia kama kuna skrubu ndogo pembeni ya kitako ya kuizuia chaki isijifungue ikizungushwa kinyume. Sio zote zinayo. Na ufunguo uwepo, ufunguo wa chaki isiyojulikana jina kuutafuta ni kazi ya mwezi.

Hatua ya 5: namna ya kushika na kukereza

Umeshanunua, au umetengeneza. Sasa kijiti.

Anza na mbao iliyonyooka nyuzi. Hili ni zaidi ya nusu ya kazi. Nyuzi zikikimbia pembeni, kijiti cha mm 16 kitakatikia pale zinapotoka nje, hata ukishike na nini. Kama unapata gogo, pasua kwa shoka badala ya msumeno, shoka linafuata nyuzi lenyewe.

Kwa koleti, kwanza weka kijiti kati ya uma na senta kikiwa bado kinene, kama mm 22, kina nguvu ya kuvumilia. Kereza ulimi upande mmoja, yaani kipande cha duara cha kuingia kwenye chaki, urefu sm 4. Saizi yake usipime kwa vernia kila dakika, chukua spana mdomo wazi namba 15, punguza taratibu mpaka spana iingie kwa kuteleza, hapo una mm 15 na kidogo na koleti yako ya 16 itaibana vizuri. Spana moja, vijiti 44, vyote sawa. Ulimi ujaze angalau theluthi mbili za urefu wa koleti, ukiweka kipande kifupi mdomoni tu koleti inafunga kama mdomo uliopinda.

Kwa meno manne, ulimi usiguse chini ya chaki. Acha bega la mbao likae juu ya uso wa meno, hilo ndilo linalokinyoosha. Kaza, geuza chaki kwa mkono, kaza tena kwenye tundu la pili la ufunguo. Na ufunguo TOA kabla ya kuwasha, mimi nimeufunga kwa kamba fupi inayofika kwenye chaki lakini haifiki kwenye swichi, kwahiyo siwezi kuwasha bila kuurudisha.

Sasa mkia. Sogeza senta ya beringi mpaka iguse, kaza mpaka izunguke pamoja na kijiti, basi, simama hapo. Chaki imeshika, senta kazi yake ni kuongoza tu. Kijiti kilichoshikwa kikamilifu mwisho mmoja kinahitaji karibu mara mbili ya nguvu ili kibinuke kwa kusukumwa, ukilinganisha na kilichoegemea ncha mbili, na hapo ndipo ulipopata faida ya hela yako yote. Ukikaza mkia kama ulivyozoea na uma, umeirudisha faida dukani.

Spidi: mota nyingi za kwetu ni raundi 1,440 hivi kwa dakika. Puli ya inchi 4 kwenye mota na inchi 3 kwenye shafti inakupa kama 1,900, inatosha kwa mm 16. Kutoa kona za mraba nenda chini ya hapo. Kijiti kikianza kuonekana viwili viwili katikati, punguza spidi, usiendelee kubishana nacho.

Anzia upande wa mkia uje kuelekea kwenye chaki, kipande kwa kipande, kama sm 10 hivi, kila kipande ukimalize kabisa na msasa juu. Ukirudi nyuma kurekebisha kilichokwisha kuwa chembamba, kitakutetemekea. Katikati weka mkono wa kushoto nyuma ya kijiti, vidole vikiegemea kwa upole upande wa pili wa patasi, vikipata moto ujue unasukuma sana na patasi ni butu. Kwa urefu kama wangu mkono peke yake hautoshi, nilitengeneza fremu ya mbao yenye tundu kubwa, nikavuta kamba ya kuvulia samaki mara nne kuzunguka kijiti ikashika katikati kama utando wa buibui. Inaonekana mchezo wa watoto ila inafanya kazi.

Glovu hapana. Mikono mirefu ya shati kunja, kanzu vua, lemba na mtandio weka mbali, miwani vaa. Kusugulia tumia msasa wa karatasi, kitambaa kisizungushwe kwenye kijiti hata siku moja, kikishika kinavuta kidole. Na anayekereza mpingo avae barakoa, vumbi lake linawasha vibaya kifuani.

Kwa wa vitanda vya watoto, hili liko nje ya mada lakini siwezi kuliacha: nafasi kati ya kijiti na kijiti isizidi sm 6. Mteja atakuomba upanue ili apunguze idadi ya vijiti na bei, mkatalie, mwili wa mtoto unapita halafu kichwa kinabaki.

Hatua ya 6: nianze na ipi?

Ukiwa na oda moja tu, tengeneza ya mbao, pete yako, umemaliza. Ukiona oda za vijiti zinajirudia, nunua ER32 ya thredi na koleti tatu tu unazozitumia, seti nzima ya koleti 18 utakuja kutumia nne, nyingine zitashika kutu. Kama unachanganya vijiti na mabakuli na vipini, chaki ya meno manne pamoja na yale meno membamba, na uma wako usiutupe, bado unauhitaji kukereza ule ulimi wa mwanzo.

Usiipake grisi chaki ya meno manne. Vumbi linanatana na grisi linakuwa ugali ndani ya skroli (ile sahani ya ndani inayosogeza meno) na meno yanaanza kukwama. Isafishe kwa mswaki mkavu, halafu sugua mshumaa kidogo kwenye mifereji.

Na kabla ya kutoa kijiti chochote ambacho hakijaisha, weka alama ya penseli kwenye mbao pale inapotazamana na jino namba 1, au kwenye koleti chora mstari mmoja juu ya uso wake na mwingine kwenye mbao. Kesho ukirudisha, mstari kwa mstari.